Kuangalia, kusimamia na kudhibiti: maneno tunayokabidhiana dhamana

Ndugu walimu, viongozi wa vijiji na mitaa, wanafunzi, na wazee wetu mliotoka mapema katika baridi hii ya Mbeya, shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za asubuhi. Niliombwa nizungumzie maneno tunayoyatumia tunapomkabidhi mtu kitu akitunze, au tunapompa mamlaka juu ya kazi za wenzake.

Mwanzoni mwa wiki hii nilikuwa stendi ya Nane Nane nikisubiri basi. Mama mmoja mwenye kapu la maparachichi alimwambia kijana aliyeketi karibu naye, "Mwanangu, niangalizie mzigo, nakuja sasa hivi." Hebu tulitafakari neno hilo. Hakumwambia tu "angalia mzigo", maana mzigo ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Kwa kusema "niangalizie" alimbebesha kijana kazi ambayo kwa haki ni yake yeye mama, na kijana alipoitikia "haya, mama", kapu likawa mikononi mwake ijapokuwa hakuligusa. Mimi nililitazama kapu lile kwa muda uleule, lakini lingepotea asingeniuliza mtu.

Kitenzi angalia, kwa hiyo, kina pande mbili: kuelekeza macho na kutunza. Tunaposema kwamba mgonjwa yuko chini ya uangalizi maalumu, hakuna anayeelewa kwamba wauguzi wameketi wakimkodolea macho; tunajua wanampima, wanamgeuza, wanamlisha. Tazama haikuupata upande huo wa pili, ndiyo maana mtazamaji wa televisheni hadaiwi chochote na anachokitazama. Tena lugha yetu imetenganisha mwangalifu na mwangalizi kwa silabi moja tu: wa kwanza ana tabia, wa pili ana kazi. Mtu anaweza kupewa kazi bila kuwa na tabia, na wanaoweka mahindi yao katika maghala ya pamoja wanalifahamu hilo kuliko mimi.

Wakulima wa mpunga wa Kyela na Mbarali wana neno ambalo nalipenda sana, kuamia, ingawa wengine husema kuwinga ndege. Punje zinapoanza kujaa, mtu hupanda dunguni alfajiri na kukaa huko mpaka jua lizame, akipiga debe, akipaza sauti na kurusha mawe kwa teo, kwa kuwa kwelea kwelea hawaondoki kwa kutazamwa. Aliyepewa kazi ya kuamia hawezi jioni kujitetea kwamba aliwaona ndege wote waliokuja.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta hapa, nalo ni simamia. Mzizi wake ni kusimama, halimo jicho ndani yake. Anayesimamia jambo amesimama kwa ajili ya jambo hilo, yupo pale kwa miguu yake, na likiharibika atakutwa papo hapo. Wasimamizi wa ndoa husimama kanisani na maharusi, lakini nyumba ikitetereka baada ya miaka mitano ni wao wanaoitwa usiku kuja kusuluhisha. Msimamizi wa mtihani hupita kati ya madawati. Msimamizi wa mirathi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni, hugawa kilichobaki, kisha huipelekea mahakama hesabu ya alichokifanya. Na katika uchaguzi tofauti hii huonekana waziwazi, kwa maana msimamizi wa uchaguzi ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo, ilhali mwangalizi wa uchaguzi huona, huandika na kutoa taarifa, wala haruhusiwi kuingilia zoezi. Wote wawili wana heshima yao. Ila kuwachanganya kwa neno moja ni kuwapotosha wananchi kuhusu nani wa kuulizwa.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Walioiandika hawakuchagua kuitazama, wala kuifuatilia. Mimi naamini uchaguzi huo wa neno una uzito, na kwamba mwanafunzi wa uraia anapaswa kufundishwa uzito huo kabla ya kukaririshwa namba ya ibara.

Kuna maneno mawili yanayofanana ambayo wanafunzi wangu, na hata watu wazima, huyachanganya kila siku, nayo ni dhibiti na thibiti. Yote yana asili ya Kiarabu, lakini hayana mzizi mmoja. Dhibiti ni kushika na kuzuia kisipite mpaka wake. Thibiti ni kuwa imara, kuwa kweli, na kutokana nalo tumepata thibitisha na uthibitisho. Ndiyo sababu tuna Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine wathibiti ubora wa shule, ambao wazee tunaendelea kuwaita wakaguzi. Kukagua nako ni kazi ya kuja na kuondoka, na mara nyingi hufanyika baada ya jambo kutendeka. Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imebeba maneno yote mawili katika jina lake, na si kwa mapambo: kama mdhibiti, huidhinisha fedha kabla hazijatoka katika Mfuko Mkuu wa Hazina; kama mkaguzi, huzichunguza hesabu baadaye, walau mara moja kila mwaka.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa darasa katika kijiji kimoja. Mihtasari ya vikao vitatu mfululizo iliandika kwamba kamati "inaendelea kuangalia suala la mabati". Mabati yalipungua, na hakuna aliyeulizwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandikwa kuwa anayasimamia. Nami nilikuwemo, niliisikia sentensi ile ikisomwa mara zote tatu na sikuipinga. Ninajuta hadi leo, maana watoto walisoma msimu mzima wa mvua chini ya paa la turubai.

Siku hizi "kufuatilia" limechukua nafasi hiyo hiyo. Kufuatilia ni kwenda nyuma ya kitu kilichotangulia. Hakumlazimu mtu kukifikia. Kwa hiyo nawaomba makatibu mliopo hapa, mnapoandika muhtasari, msiiache kamati iwe ndiyo mtendaji wa kitenzi. Andikeni jina la atakayesimamia, kitu anachokabidhiwa na idadi yake, na tarehe atakayorudi kutoa hesabu. Ninayo mihtasari michache niliyokuja nayo, isiyo na majina ya vijiji, na ningependa tuisome pamoja sasa kwa sauti, tukianza na meza ya mbele.