Yai ndani ya uji: protini kwa wenye ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda

Shikamooni wazee, na nyie wengine habari za jioni.

Nianze na bakuli la uji. Kijana mmoja mwenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu unaoweza kushika sehemu yoyote ya utumbo, aliletwa kwangu na mama yake. Mrefu kunizidi, lakini kilo 50 tu. Suruali kaikaza kwa kamba. Anakula nini? Mama akadakia: "Uji mweupe, daktari, na wali laini. Nyama, mayai, maharage, vyote nimemwachisha. Tumbo lipumzike." Mwezi wa tatu huo. (Ukumbi unaguna.) Msigune, nusu yenu mngefanya vilevile.

Tupige hesabu. Miongozo ya lishe ya Ulaya inasema ugonjwa ukichachamaa, mgonjwa apate protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Ukitulia, gramu 1 inatosha. Kijana wetu alidaiwa gramu 60 hadi 75. Yai moja lina kama gramu 6. Utumbo wenye vidonda huvujisha protini, na mwili usipoipata sahanini huichota kwenye misuli. Kamba ya suruali imetoka hapo.

Hata hivyo hofu ya mama si ya bure. Protini isiyomalizika kusagwa kwenye utumbo mwembamba hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanaisubiri. Methionini na sisteini, asidi amino (vijenzi vya protini) zenye salfa, wanazigeuza kuwa gesi yenye harufu mnayoijua: yai viza. Ikizidi, seli za ukuta wa utumbo mpana zinashindwa kuunguza butireti, ambayo ndiyo kuni zao. Mwaka 2004 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walitoa matokeo ya wagonjwa 191 wa kolaitisi ya vidonda, ile inayoshika utumbo mpana tu, waliofuatiliwa mwaka mzima wakiwa wametulia. Zaidi ya nusu ugonjwa uliwarudia, na waliokula nyama kwa wingi, hasa nyekundu na ya kusindikwa, walikuwa hatarini zaidi.

Ila hiyo ni kolaitisi. Marekani walipojaribu kupunguza nyama nyekundu kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa ulirudi kama kawaida. Mimi huwa nakasirika watu wakiyachanganya magonjwa haya mawili kama ugali na wali.

Halafu bakteria haohao wana wema wao. Ukiwapa triptofani, asidi amino iliyomo kwenye mayai, kuku, samaki na maharage, wanatengeneza vitu viitwavyo indoli, vinavyoamsha kinga ya utumbo ikarabati ukuta wake. Kiel, Ujerumani, walipima damu za wagonjwa zaidi ya 500 wa magonjwa haya mawili: triptofani ilikuwa pungufu, na ugonjwa ulivyokuwa mkali ndivyo ilivyozidi kupungua.

Naona mkono kule nyuma. Unga wa glutamini, asidi amino nyingine, ule wa kwenye majimu? Ni kweli seli za utumbo mwembamba zinaipenda. Lakini wagonjwa wa Crohn walipopewa kwenye majaribio, hawakupata nafuu ya ziada. Hela hiyo kanunue dagaa, uwasage walainike, hasa kama ugonjwa umeanza kuubana utumbo sehemu fulani.

Yule kijana? Tulianza na yai moja, likakorogwa ndani ya uji uleule wakati unachemka. Mama alikubali kwa sababu halionekani.