Shikamoo ya Konda

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo ni safari za peke yako ukishavuka arobaini. Na naona kaka Bakari ameshaanza kucheka.

BAKARI: Nacheka kwa sababu juzi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, mpiga debe mwenye ndevu zake kamili kanipokea begi: "Shikamoo mzee, Iringa hii hapa." Enzi za Ubungo huyo angenivuta shati.

REHEMA: Itikia marahaba upite, mwenzangu, inalipa. Mimi nilipokuwa msichana, nikipanda basi peke yangu kwenda Mwanza, jirani wa siti alikuwa mpelelezi. Unaenda kwa nani? Baba anajua? Umeolewa? Siku hizi naitwa mama, konda mwenyewe ananitafutia siti ya mbele, maswali hakuna. Ila nikikaa tu, napewa mtoto wa watu nimpakate kutoka Singida hadi Shinyanga.

BAKARI: Kwa hiyo umri umekupa uhuru.

REHEMA: Kwa mwanamke, sana tu. Lakini uhuru wangu mimi haukuanzia kwenye basi, ulianzia kwenye kulala. Tulikuwa tunajidai tunasafiri wenyewe. Wenyewe wapi! Nauli yako, sawa, lakini ukishuka unapokelewa na shangazi. Unalala na watoto kitanda kimoja, hutoki bila kuaga, na kabla hujaliona ziwa umeshazungushwa kusalimia ukoo mzima.

BAKARI: Ukiondoka unafungiwa kuku.

REHEMA: Kuku hai, kwenye basi! Sasa nina hela ya gesti. Chumba changu, feni yangu, naamka ninapotaka, nashuka Mwaloni kuangalia dagaa wanavyopakuliwa, narudi kulala mchana. Hakuna anayeniuliza kama nimekula.

BAKARI: Na shangazi anasemaje?

REHEMA: Ilikuwa kesi. "Umekuja Mwanza umelala gesti na mimi niko hai?" Ikapigwa simu mpaka kwa mama. Sasa nimejifunza: nafika kimya, nalala. Kesho yake naenda na sukari na kanga, nakula mchana, tunacheka, jioni naaga. Jina la gesti sitaji ng'o.

BAKARI: Hapo sisi wanaume tuna taabu yetu. Mtu mzima, pete kidoleni, uko peke yako gesti ya mji mdogo. Nani ataamini umekuja kuangalia milima? Mhudumu anakupa kile kitabu cha wageni, ujaze kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, halafu anachungulia nyuma yako kuona nani anakuja.

REHEMA: Na kitabu chenyewe hukisomi bila miwani.

BAKARI: Bila miwani kabisa! Nauliza hapa wameandika nini, anadhani sijasoma.

REHEMA: Tuseme ya mwili basi, tusijifanye. Mimi magoti. Basi la zaidi ya saa nne nalipa siti ya pembeni ninyooshe mguu, na kila wakisimama kuchimba dawa nashuka, hata kama sina haja. Damu isigande miguuni. Dawa za presha zinakaa kwenye pochi, sio kwenye buti chini ya magunia.

BAKARI: Mabasi ya usiku je? Yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 vijana walifurahi sana.

REHEMA: Wafurahi. Mimi usiku nina kazi ya kulala.

BAKARI: Na kama unavuka mipaka, ile kadi ya homa ya manjano: tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Kama hujawahi kuchanjwa, usingoje uvuke 60, maana kuanzia hapo daktari anafikiria sana kabla ya kukuchoma.

REHEMA: Hiyo watu wengi hawaijui.

BAKARI: Lakini dada, kwangu mimi kilichobadilika zaidi sio magoti. Ni simu. Nikiwa kijana nilipanda treni ya TAZARA, Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860. Daraja la pili, watu sita kabini moja. Tukapita Selous tunaangalia twiga dirishani, tukapanda yale mahandaki ya Mlimba kuelekea Makambako. Treni ikichelewa nusu siku, poa tu. Hakuna mtu duniani aliyejua niko wapi, na sikuwa na habari.

REHEMA: Leo je?

BAKARI: Leo mama yuko Tanga, ameshazeeka, na mimi ndiye ninayepigiwa. Kabla sijauliza pana uzuri gani, nauliza pana mtandao, na basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, nilisema nitaipanda mama akipata nafuu. Ikasimama kwa matengenezo kabla sijaipanda.

REHEMA: Watu wanadhani ukubwani tunakosa nguvu.

BAKARI: Nguvu zipo! Ruhusa ndiyo haipo, na hakuna aliyekunyima, umejinyima mwenyewe. Ndiyo maana hii treni ya umeme imeniokoa. Tangu 2024 Dodoma ni kama saa tatu na nusu hivi. Naondoka asubuhi, nazurura sokoni, nakula, jioni niko kwangu. Mama hajui hata kama nimetoka Dar.

REHEMA: Mtu mzima unamdanganya mama!

BAKARI: Kanipigia tuko karibu na Morogoro. "Uko wapi?" Nikamwambia niko ofisini. Hapo hapo kipaza sauti kikaanza, "Abiria wapendwa..."

REHEMA: Mungu wangu. Akasemaje?

BAKARI: Akasema, "Haya, ofisi ikifika Dodoma niletee zabibu."