Nani anailipia nyumba ya bei nafuu? Mhadhara kuhusu uthamini wa ardhi ya pamoja ya kijiji

Waheshimiwa madiwani, ndugu wathamini, wenyeviti wa vijiji mliotoka mbali, asanteni kwa kuja. Historia ya sheria zetu za ardhi hapa Tanzania mnaijua, sitairudia. Nina jambo moja tu, na baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema. Nalisema tena kwa sababu mambo bado ni yaleyale: kijiji kikihawilisha ardhi yake ya pamoja, yaani kikiitoa isiwe tena ardhi ya kijiji, ili zijengwe nyumba za umma, ardhi hiyo inathaminiwa kana kwamba haikuwa na kazi yoyote.

Kuna kijiji kimoja, sitakitaja. Mthamini alifika na wenzake. Kwenye mashamba ya watu alifanya kazi nzuri kabisa: alihesabu mikorosho, minazi, vibanda, hata vyoo. Alipofika kwenye eneo la pamoja akaandika mstari mmoja: pori, hakuna maendelezo, yaani hakuna kilichojengwa wala kupandwa. Mzee mmoja akamwomba, mwanangu, hebu tutembee kidogo. Wakatembea, mzee akieleza. Hili lambo, visima vya kule juu vikikauka kiangazi, kijiji kizima kinahamia hapa, watu na ng'ombe. Hizi ndizo nyasi zetu za kuezekea. Udongo huu ndio wa kina mama wafinyanzi. Ule wa bondeni vyungu vinapasuka. Huku ndiko tunakokata kuni. Na kipande kile cha tambarare tumekiacha kwa ajili ya vijana watakaooa. Asubuhi nzima iliishia hapo. Mthamini alikuwa kijana msikivu, akayaandika yote kwenye daftari lake. Jedwali la fidia liliporudi kutoka mjini, ule mstari mmoja ulikuwa palepale.

Kijana yule simlaumu. Amefundishwa kutafuta mauzo ya karibuni ya ardhi inayofanana, alinganishe. Lakini malisho ya kijiji hayajawahi kuuzwa, kwa hiyo hana cha kulinganisha nacho. Anachukua bei ya shamba la mbali lililouzwa kwa shida, au anaandika sifuri. Sasa wathamini mliokaa mbele, hapa ndipo ninapogombana nanyi. Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia hazikuishia kwenye kulinganisha mauzo. Zimetaja pia njia ya mapato, yaani kuangalia ardhi inamwingizia nini mwenyewe. Na zimetaja gharama ya kupata mbadala, pale mali inapokuwa ya aina ya pekee na haiuziki. Haiuziki! Niambieni, ni mali gani nchi hii inayostahili maelezo hayo kuliko lambo na malisho ya kijiji? Kanuni ipo, mnayo mikononi, na haitumiki.

Ukiitumia, swali lote linabadilika. Huulizi tena pori hili lingeuzwa shilingi ngapi. Unauliza: kesho asubuhi kijiji hiki kitafanya nini ili kipate tena kilichokipoteza? Lambo jipya litachimbwa wapi, na kwa gharama gani? Mifugo itakwenda kwa nani, naye atatoza nini? Kuni zitafuatwa umbali gani, na kaya isiyoweza kutembea itanunua mkaa au gesi kila mwezi kwa miaka mingapi? Zidisha kwa idadi ya kaya. Hiyo ni hesabu ya kawaida, mthamini yeyote anaiweza. Kisha njoo kwa vijana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaitambua ardhi iliyowekwa akiba ili halmashauri ya kijiji iigawe baadaye. Binti au kijana aliyekuwa agawiwe hapo sehemu ya kujenga sasa atanunua kiwanja. Bei ya kiwanja hicho ni hasara yake, na haijaandikwa popote.

Nifanye hesabu ya mfano. Tuseme ekari imethaminiwa shilingi milioni 1. Ekari ina kama mita za mraba 4,047. Toa barabara na maeneo ya wazi, zibaki 2,500. Viwanja vikitoka kwa shilingi 10,000 kwa mita ya mraba, ekari ileile inaleta milioni 25. Utasema kuna upimaji, barabara, maji, umeme. Kweli, toa milioni 15. Toa nyingine 3 za faida ya mwendelezaji, yule anayevipima na kuviuza viwanja. Zinabaki 7, na kijiji kimepewa 1. Zile 6 ni ruzuku, na aliyeitoa ni kijiji. Hakuulizwa kama yuko tayari kuitoa.

Sasa kuna mtu anataka kunyanyuka aseme: hizi ni nyumba za umma, ukipandisha bei ya ardhi unamnyima mwalimu na muuguzi mahali pa kulala. Hoja hiyo naiheshimu. Tuna Shirika la Nyumba la Taifa tangu 1962, na kazi ya kuwajengea wananchi nyumba wanazozimudu ni kazi ya haki. Nyumba hizo nazitaka, tena nyingi. Ninachouliza ni nani analipa. Kama taifa linataka nyumba ya bei nafuu, taifa zima lichangie kupitia bajeti, Bunge likiona na likijadili. Kwa nini alipe mchunga mbuzi wa kijiji kimoja, ambaye hata katika nyumba hizo hatapanga?

Na mwingine atasema thamani imepanda kwa sababu serikali imeleta lami, wanakijiji hawakufanya kitu. Sawa. Mbona mwenye shamba binafsi kando ya lami hiyohiyo analipwa kwa bei ya soko lililopandishwa na lami? Kanuni hiyo isibadilike eti kwa sababu mwenye ardhi ni watu mia nane badala ya mmoja.

Wala hatuombi hisani. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo yanayoonekana. Na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kuhusu haraka nina mengi, muda haunitoshi. Niseme tu kwamba fidia iliyochelewa zaidi ya miezi 6 inadaiwa riba, na vijiji vingi havidai.

Jambo la mgawanyo wa fedha, hasa sauti ya kina mama na wafugaji kwenye mkutano mkuu, lilistahili mhadhara wake. Nalipita.

Wenyeviti, nina neno kwenu. Eneo linalotakiwa kuhawilishwa lisipozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye uamuzi wa kukubali au kukataa. Na hata likizidi, ardhi haihawilishwi kabla aina na kiasi cha fidia hakijakubaliwa. Msipige kura kabla hamjaona jedwali. Na kabla mthamini hajafika, hakikisheni mkutano umeitenga ardhi ya pamoja na imeingia kwenye rejista ya kijiji kama sheria inavyotaka. Andikeni kila eneo na kazi yake: lambo, kaya ngapi zinachota, miezi gani, malisho, mifugo mingapi, udongo, wafinyanzi wangapi, akiba ya vijana, viwanja vingapi. Muhuri, tarehe, nakala wilayani. Jedwali likirudi na mstari mmoja, mtaweka rejista mezani, na aliyeandika mstari huo atalazimika kujibu kila kipengele. Nimemaliza, karibuni kwa maswali.