Kichocho Hakiamki Saa Moja

Ndugu zangu wa zahanati na maabara, konokono na madimbwi siyagusi leo, hayo mnayo tangu shule ya msingi. Nimekuja na neno langu lile lile: kichocho cha kibofu kina saa zake. Mayai ya minyoo yake hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ninyi sampuli mnachukua saa ngapi? Saa moja! Saa tatu maabara imeshaandika "hakuna mayai", na mtoto anarudi nyumbani akikojoa damu kama alivyokuja.

Najua mtasema foleni ndefu, mgonjwa katoka kwake alfajiri, leo umwambie asubiri? Ndiyo, asubiri. Mpe kopo kavu, maana yai likikutana na maji linaanguliwa. Mwambie atembee-tembee uwanjani, kisha akojoe mpaka matone ya mwisho. Wengi tulifundishwa mkojo wa katikati. Huo ni wa kutafutia bakteria, jamani! Mayai na damu viko mwishoni kabisa, huko huko mnakomwambia mgonjwa amwage chooni.

Halafu mtaalamu anaweka tone moja kwenye slaidi, anachungulia, kamaliza. Tone! Tikisa kopo, vuta mililita 10 kwa sirinji, pitisha kwenye chujio, na chujio ndilo liende kwenye hadubini. Chujio zimekwisha? Acha mkojo utuame, chukua mashapo. Yai lenyewe halijifichi: lina mwiba kwenye ncha. Lenye mwiba ubavuni ni la kichocho cha tumbo. Na hesabu, usiandike "yapo" tu. Yakifika 50 katika mililita 10, hayo ni maambukizi mazito.

Kuna atakayeniambia kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinatosha. Mashuleni kinasaidia sana, kinaona damu ambayo jicho halioni. Lakini mwenye hedhi naye kitamwonesha damu. Kibaya zaidi ni mtu mzima wa Pemba, kijiti kinaonesha damu, anaandikiwa UTI, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo, na antibayotiki. Mwezi ujao UTI tena, antibayotiki nyingine. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo hawa Kairo mwaka 1851, sisi bado tunaandika UTI!

Muda umekwisha, mwenyekiti ananikazia macho. Haraka haraka: prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui minyoo michanga, kwa hiyo mrudishe mgonjwa, pima tena. Mwenye mashine ya altrasaundi aangalie na figo, siyo kibofu peke yake. Na wanawake, hili lilistahili mhadhara wake. Mayai hukwama kwenye shingo ya kizazi, mkojo ukawa safi kabisa. Mama anatokwa damu baada ya tendo, anaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, ndoa inaingia matatani. Kabla ya kumwita mume, muulize alikulia mto gani, kisha mchunguze, tafuta mabaka ya rangi ya mchanga.