Mtoto Asiyelia

Walimu wangu wa chekechea, akina mama, mmenisikia nikisema hili Nyalenda, mkanisikia Manyatta, na hapa Kisumu leo nalirudia: mtoto mchanga asiyelia asiwafurahishe.

Niliwahi kuingia makao fulani ya watoto, siyataji. Vitanda vimepangwa safu kwa safu, na kimya kama cha usiku wa manane. Mgeni mmoja akasema, "Watoto watulivu kweli hawa!" Nikamwinamia mmoja wa miezi kumi. Amelowa chepechepe, macho kayakodoa darini, halii. Alishalia siku nyingi, hakuja mtu; akaacha. Mwingine, anayetembea, akanikimbilia akanikumbatia magoti, mimi ambaye hajawahi kuniona. Wageni wakapiga picha. Mimi nilitaka kulia. Mtoto mwenye mtu wake humchungulia mgeni kwanza, kajificha nyuma ya leso ya mama.

Sasa tuingie mwilini. Juu ya figo kuna tezi zinazotoa homoni iitwayo kotisoli. Asubuhi iko juu, jioni hushuka. Hofu ikija hupanda, mtoto akibebwa akabembelezwa hushuka. Asipopata wa kumbeba, mwili hukesha kama mlinzi asiyepokewa zamu, na kwa wengine hatimaye huchoka: la kutisha linatokea, kotisoli haipandi inavyostahili. Kule Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti walichukua watoto 136 wa makaoni, kura ikaamua nusu yao wapelekwe kwenye familia za malezi. Walipopimwa baadaye, waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili kotisoli yao ilipanda karibu sawa na ya watoto waliokulia kwao. Waliobakia, ilidorora.

Najua kuna atakayeniambia, "Kwa nyanya yake hakuna chakula, makaoni kuna maziwa." Jamani, basi pelekeni maziwa kwa nyanya! Kwa nini pesa zimfuate mtoto makaoni, zisimfuate nyumbani? Serikali yenyewe mwaka 2022 ilizindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Usomeni, halafu mumuulize afisa wa watoto wa kwenu amefikia wapi.

Nilitaka kuzungumzia viboko, na akina baba, lakini naona naonyeshwa saa. Viboko tu kwa ufupi: anayepigwa kila siku, tezi zake hazijui kwamba unamfundisha.

Kesho darasani, anayepigana na kurusha vitu mnamjua tayari. Mtafuteni yule wa kona, anayeanguka akachubuka goti asimtazame mtu yeyote. Ulizeni usiku analala kwa nani.