Jinsi ya Kujiandaa kwa Matembezi ya Mzigo Mzito Bila Kuumiza Mwili

Habari, na karibu. Video hii ni ya kuruti anayesubiri kuingia kambini, askari anayejiandaa kwa mchujo wa kikosi maalumu, zimamoto, mwokoaji, na yeyote ambaye kazi yake itamtaka atembee saa nyingi akiwa na uzito mgongoni. Tunajifunza jambo moja tu: kubeba begi zito umbali mrefu, kisha kufika ukiwa bado una nguvu ya kufanya kazi iliyokupeleka huko. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu huisahau. Askari anayefika mikono imekufa ganzi na nyayo zimechubuka hajamsaidia mwenzake kitu.

Msidhani teknolojia imeimaliza kazi hii. Wanajeshi wa Roma ya kale walizoezwa kutembea na mzigo wa takriban kilo 20, na hadi leo kubeba ni kubeba. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, makomando wa Uingereza walitembea karibu kilomita 90 kwa siku tatu, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 36, juu ya ardhi iliyojaa maji na mawe. Helikopta nyingi kubwa zilizotegemewa kuwasafirisha zilikuwa zimeteketea pamoja na meli iliyozibeba. Mpango ulipovunjika, ilibaki miguu.

Kabla hujagusa begi, jipime. Tembea kwa kasi saa nzima bila mzigo, kwenye njia yenye vilima kidogo. Ukimaliza bila maumivu ya goti, mgongo au ugoko, na kesho yake ukaamka mzima, endelea na video. Ukishindwa, wiki nne za kutembea na kukimbia taratibu zitakusaidia kuliko kilo kumi mgongoni.

Sasa tuanze na miguu, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu watu wengi wenye mapafu mazuri na moyo wa chuma huishia njiani kwa sababu ya lengelenge lenye ukubwa wa kifungo.

Jaribu buti jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kutokana na shughuli za siku, na uvae soksi zilezile utakazotembea nazo. Tazama hapa. Nasukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kinapita. Sasa nafunga kamba na kupanda ngazi. Angalia kisigino changu: kikiinuka ndani ya buti kila ninapokanyaga, malengelenge ni suala la muda tu. Dawa yake mara nyingi ni kamba. Pale kamba zinapofika kwenye mkunjo wa mguu, zizungushe mara mbili badala ya mara moja, vuta zikaze, ndipo uendelee juu. Sehemu ya mbele inabaki na nafasi, kisigino kinashikwa.

Kuhusu uzito wa buti: uzito uliovaliwa mguuni unakula nguvu mara nne hadi sita kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni. Unaunyanyua na kuurusha mbele kwa kila hatua. Buti jepesi linalokushika vizuri ni bora kuliko buti zito la kutisha.

Soksi, vaa jozi mbili: ya ndani nyembamba ya nyuzi za polyester, ya nje nene ya sufu. Msuguano unahamia kati ya soksi na soksi, ngozi inapona. Soksi za pamba tupu ziache nyumbani, zinanywa jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Kucha zikate siku mbili kabla, kwa mstari ulionyooka. Sehemu zinazokusumbua kila mara, bandika plasta ya kitambaa mapema, ngozi ikiwa kavu, bila mkunjo hata mmoja. Nilisema mapema kwa sababu plasta haishiki kwenye ngozi yenye jasho.

Na hili lishike sana. Lengelenge halitokei ghafla. Kwanza unasikia joto dogo la kuunguza mahali pamoja, mara nyingi nyuma ya kisigino au chini ya kidole gumba. Hapo ndipo unaposimama. Vua buti, kausha, bandika, badili soksi, endelea. Dakika tatu. Anayesema "nitavumilia mpaka mapumziko" atapoteza wiki nzima ya mazoezi.

Tuje kwenye begi. Kwa uzito wa mazoezi mimi hupendelea maji. Lita moja ni kilo moja, hivyo huhitaji mizani, na mambo yakiharibika njiani unamwaga na kurudi ukiwa mwepesi. Jaza chupa pomoni, maji yasichezecheze. Mchanga nao unafaa, kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, iliyofungwa kwa utepe wa gundi.

Angalia ninavyopanga. Chini naweka vitu vyepesi na laini, nguo au blanketi. Vizito vinakaa katikati kuelekea juu, kati ya mabega, vikigusa mgongo kabisa. Nikiviweka mbali na mgongo, begi linanivuta nyuma, nami nalazimika kuinama mbele kutwa nzima. Kama njia yako ni ya mawe na makorongo, shusha uzito kidogo usije ukayumba. Kisha jaza nafasi zote zilizobaki. Ninatikisa begi, sisikii kitu kikigonga. Vizuri.

Kuvaa kuna mpangilio wake. Legeza mikanda yote. Vaa. Inamisha mabega, funga mshipi wa kiuno kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ndipo uvute mikanda ya mabega, halafu ile midogo ya juu inayolivuta begi karibu na mgongo, na mwisho wa kifuani. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na bega. Begi linaloning'inia mabegani peke yake hubana mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Mkono unaanza kuchonyota, unakufa ganzi, na wengine hushindwa kuuinua kwa siku kadhaa. Kwa askari hilo ni jambo zito, mkono huo ndio wa kazi. Ukiwa njiani, kila baada ya kama dakika ishirini kaza mshipi na kulegeza mabega, kisha ubadilishe.

Sasa simama kando yangu tutembee. Mwili uinamie mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, si kiunoni. Macho yaangalie mbele kama mita kumi. Ukitaka kasi, usirefushe hatua. Hatua ndefu yenye mzigo inapiga kisigino kwa nguvu na kuchosha nyonga. Fupisha, kisha ziongeze idadi. Mikono ikienda haraka, miguu itafuata. Mlima ukiwa mkali, upande kwa mshazari, na kwa kila hatua nyoosha goti la nyuma sekunde moja ili mfupa ubebe na msuli upumue. Mteremko unaogopesha zaidi kuliko mlima: kunja magoti kidogo, hatua ziwe fupi, usiruhusu begi likusukume. Na usikimbie na mzigo kwenye mteremko. Nimesikia hoja zote za wanaofanya hivyo na hakuna hata moja iliyonishawishi.

Ratiba. Umbali kwanza, uzito wa pili, kasi mwisho, na usiongeze viwili kwa wiki moja. Ukiwa na kilo 70, anza na kilo 7, yaani sehemu ya kumi ya uzito wako, kwa kilomita 5. Wiki ya pili kilomita 6 na nusu, ya tatu 8, ya nne rudi 5 upumzike. Wiki ya tano weka kilo 10 kwa kilomita 8. Endelea hivyo, wiki tatu za kupanda na moja ya kushuka, mpaka wiki ya kumi na moja uwe na kilo 16 kwa kilomita 15 au 16. Tembea na mzigo mara moja kwa wiki, basi. Siku nyingine kimbia bila mzigo mara mbili au tatu.

Kilo 16 sikuzitoa hewani. Nishani ya askari stadi wa miguu katika Jeshi la Marekani inadai maili 12, yaani kilomita 19 na ushee, kwa saa tatu, na begi la karibu kilo 16. Hiyo ni kilomita moja kwa dakika 9 na sekunde 20, kasi ambayo huwezi kuifikia kwa kutembea kivivu. Matembezi ya kijeshi ya Norway, yaliyoanza mwaka 1915, ni kilomita 30 na kilo 11. Kule Nijmegen, Uholanzi, wanajeshi wanaobeba mzigo hutembea kilomita 40 kwa siku, siku nne mfululizo, na angalau kilo 10. Chagua lengo lako, kisha rudi nyuma wiki kumi na mbili. Mtihani wenyewe usiufanye mazoezini. Ukifika robo tatu ya umbali kwa kasi inayotakiwa, siku yenyewe utamaliza.

Kwenye chumba cha mazoezi siku mbili kwa wiki zinatosha. Skwati, kunyanyua uzito kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kupanda kwenye boksi ukiwa na vyuma mikononi, kutembea na uzito kila mkono, kujivuta juu kwenye bomba, plenki, na kuinuka kwa ncha za vidole ili kuimarisha misuli ya ndama za miguu. Seti tatu hadi tano, uzito wa kutosha, mapumziko ya kutosha. Pushapu mia tano kwa siku ni za kuonyesha watu, hazikufundishi kubeba.

Sasa nizungumze na wewe unayefundisha wenzako, kiongozi wa seksheni, afande wa mazoezi. Kuna tabia kambini ya kupima uanaume kwa kilo. Mmoja kaweka 20, mwingine anaweka 25, wa tatu anatia matofali. Mwongozo wa Jeshi la Marekani wa mwaka 1990 ulipendekeza mzigo wa mapigano usizidi asilimia 30 ya uzito wa mwili, na wa safari usizidi asilimia 45. Vitani askari hubeba zaidi ya hapo, tunajua. Lakini mfupa hauongezeki nguvu kwa kutishwa. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa miguu baada ya matembezi marefu. Baadaye ikajulikana kwamba ile ilikuwa mifupa ya unyayo iliyopasuka kwa kurudiwarudiwa na mzigo. Kuruti wanaopelekwa haraka hupasuka hivyohivyo mpaka leo.

Dalili ni hii: bonyeza ugoko au mgongo wa mguu kwa kidole kimoja. Maumivu ya msuli yametapakaa. Maumivu ya mfupa yako mahali pamoja, unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, yanazidi ukitembea, na usiku yanakuamsha. Ukikuta hivyo, mzigo chini, uende kwa daktari. Na wewe afande, kuruti akikuambia, mshukuru mbele ya wenzake. Ukimcheka, wengine kumi watanyamaza na utawapoteza.

Joto nalo linaua, na linaua vijana wenye bidii kuliko wavivu, kwa sababu hawakubali kusimama. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea hali ya joto mpya, kwa hiyo wiki ya kwanza punguza mzigo na muda. Kunywa kidogokidogo, lakini usizidishe lita moja na nusu kwa saa; maji mengi mno yanapunguza chumvi ya damu, na hiyo pia ni hatari ya kifo. Mwenzako akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kugomba bila sababu, usimwambie ajikaze. Mvue begi na nguo, mpeleke kivulini, mwili wake uzamishwe kwenye maji baridi yenye barafu kama ipo, la sivyo mwagia maji mfululizo na umpepee, huku mwingine akiita msaada. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Na mkojo ukitoka rangi ya kahawia iliyokolea baada ya zoezi zito, nenda hospitali siku hiyohiyo: msuli umevunjika na figo ziko hatarini.

Kwenye safari ndefu, simama baada ya dakika 45 za kwanza kwa robo saa, urekebishe mikanda na kamba za buti. Baada ya hapo, dakika 50 za mwendo na 10 za kupumzika. Ukikaa, inua miguu juu ya begi. Kula kitu kidogo kila mapumziko, hata kama huna njaa.

Umefika. Usijitupe chini. Tembea dakika kumi bila begi, kisha vua buti, osha miguu, ikaushe mpaka katikati ya vidole, na uikague kwenye mwanga. Lengelenge dogo lisilouma liache. Lililojaa na kuuma, lisafishe, toboa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, toa maji, ngozi ya juu usiichune, funika. Soksi fua usiku huohuo, ndani ya buti jaza magazeti yanyonye unyevu, na buti lenyewe usilianike karibu na moto maana ngozi yake itakakamaa. Kesho yake tembea nusu saa bila kitu mgongoni, na skwati nzito zisubiri mpaka siku ya tatu.