Dada aliniomba dawa yangu ya ADHD, nikamkatalia

Hamjambo ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Huku Columbus, Ohio, ni saa kumi na moja alfajiri, nje theluji tupu, lakini nimewasha kamera kabla sijaenda kazini maana jambo hili limeninyima usingizi.

Juzi dada yangu alinipigia kutoka Morogoro. Amenikubalia niseme. Mwanawe ana miaka 8, darasani hatulii, madaftari yanapotea kila wiki, viboko vimekuwa chakula chake. Dada anajua mimi niligundulika na ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika jambo, nikiwa na miaka 34, na ameona nilivyobadilika. Akaniambia, "Mdogo wangu, kuna mtu anakuja Dar mwezi ujao. Mpe kopo moja la hizo dawa zako aniletee." Nikasema hapana. Akalia. Na wengi wenu mmeniandikia ombi hilohilo, kwa hiyo sikilizeni.

Dawa yenyewe hii hapa. Ni kapsuli yenye rangi mbili. Inaitwa atomoksetini, wengine wanaijua kwa jina la Strattera. Ilipitishwa Marekani mwaka 2002, ikawa dawa ya kwanza ya ADHD isiyo ya kundi la vichangamshi. Kazi yake ni kuzuia ubongo usiifyonze haraka noradrenalini, ile kemikali inayotusaidia kushika jambo na kutulia nalo. Haikupi msisimko, na ukimeza leo huoni kitu kesho. Mimi nilianza kuona tofauti wiki ya tano. Siku ya kwanza niliimeza na kahawa tupu, tumbo likachafuka mpaka nikashuka kwenye basi njiani. Tangu hapo nakula kwanza.

Sasa angalieni hapa, karibu na kidole. Imeandikwa 80 mg. Hicho ni kipimo changu mimi mtu mzima, na nilianzia 40. Mtoto anapimwa kwa kilo zake. Anaanzishwa na nusu miligramu kwa kila kilo, baadaye anapandishwa taratibu hadi kama 1.2. Mpwa wangu ana kilo 25. Maana yake anaanza na kama 12, na akifika mbali ni 30 hivi. Kapsuli yangu moja ingempa zaidi ya mara sita ya kipimo cha kuanzia!

Dada akasema, basi nitaifungua nimgawie kidogo kidogo kwenye uji. Hapana, dada. Kapsuli hii haifunguliwi, inamezwa nzima. Unga wake ukiingia jichoni unaliumiza, na kwa kijiko cha uji hakuna anayejua mtoto amekunywa miligramu ngapi.

Halafu yule mtoto ana pumu, na akibanwa anapewa vidonge vya salbutamol. Vikikutana na hii, moyo unaweza kwenda mbio na presha ikapanda. Ndiyo maana mimi kabla ya kuandikiwa nilipimwa presha na mapigo ya moyo, nikaulizwa kama nina ugonjwa wa moyo, presha ya macho, na dawa zote ninazotumia. Zipo dawa za sonona, kama fluoksetini, zinazofanya hii ijae mwilini kupita kiasi. Na zile za sonona za kundi linaloitwa MAOI zinatakiwa ziwe zimeachwa siku 14 kabla.

Lililonitisha zaidi ni hili. Katika majaribio ya watoto na vijana, kama 4 kati ya 1,000 waliotumia dawa hii walipata mawazo ya kujiua. Waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani ili kulinganisha, hakuna hata mmoja. Ni wachache, lakini mtoto ni mmoja tu nyumbani kwako. Miezi ya mwanzo, na kila kipimo kinapobadilishwa, lazima awepo mtu wa kumwangalia: amekuwa mkali ghafla? Amejitenga? Anasema hataki kuishi? Hapo unampeleka hospitali siku hiyohiyo.

Na ini. Ni nadra, lakini likiumia, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yanageuka njano, mwili unawasha, unaumwa upande wa kulia chini ya mbavu, unajisikia kama una mafua. Nyumbani tutasema malaria, au U.T.I., tutanunua dozi dukani na mtoto ataendelea kumeza. Daktari lazima aambiwe mara moja.

Kuna aliyeuliza kuhusu guanfasini, dawa nyingine ya ADHD. Nayo si kichangamshi, lakini ni jamaa ya dawa za presha, ukiikatisha ghafla presha inaweza kuruka. Hii yangu haina shida hiyo. Kwa hiyo msizichanganye.

Sijasema mtoto asitibiwe, jamani. Mtoto yule hana utundu wa makusudi, na fimbo haitamponya. Hospitali ya Muhimbili, Dar, kuna madaktari wa afya ya akili, na Dodoma ipo hospitali ya Mirembe; hospitali ya mkoa inaweza kumwandikia barua ya rufaa. Nauli ya basi na pesa ya kumwona daktari nitatuma mimi.

Dada, Jumapili saa mbili usiku ya huko nakupigia. Uwe na kalamu. Tutaandika kilo zake, pumu yake, vidonge anavyotumia, na yale mwalimu anayolalamikia. Karatasi hiyo ndiyo utakayompa daktari.